WAKILI AKIFUNGWA, MAHABUSI HUKATWA ULIMI

Dhulma inayokuja na rungu kila mtu huitambua. Ile inayokuja imevaa joho la sheria ndiyo inayowapita wengi, na khasa inapomkamata, si yule aliyeandamana, bali yule aliyesimama kortini kumtetea. Leo twataka wanachama wetu waitazame kadhia moja ya namna hiyo, iliyotokea Irani.

Mwezi wa Disemba 2017, mwanamke mmoja alipanda mahali palipoinuka katika Barabara ya Enghelab mjini Tehran, akavua mtandio, akaufunga kijitini na kuupeperusha kimya kimya, kuipinga sheria inayowalazimisha wanawake kujifunika. Wengine wakamfuata, wakakamatwa. Baadhi yao walitetewa na Bibi Nasrin Sotoudeh, wakili.

Bibi huyu hakuwa mgeni wa kazi hiyo, wala wa jela. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2009, wananchi walipomiminika njiani wakidai kura zao zimeibwa, yeye alikuwa miongoni mwa waliowatetea waliotiwa ndani. Septemba 2010 akakamatwa. Januari 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 11 na kukatazwa uwakili kwa miaka 20. Rufaa ilipunguza kifungo kikawa miaka 6, naye akaachiwa Septemba 2013.

Juni 2018 akakamatwa tena. Septemba ya mwaka huo huo mumewe naye akatiwa ndani. Machi 2019 ikadhihirika kwamba hukumu za Bibi Sotoudeh, zikijumlishwa, zilifika miaka 38 na viboko 148; ingawa kwa sheria ya huko mtu hutumikia ile adhabu iliyo kubwa kuliko zote, nayo ilikuwa ya miaka 12. Na hiyo miaka 12 ilikuwa ya kosa gani? La kuchochea ufisadi na uasherati! Kumtetea mshitakiwa kukageuzwa kuwa kushiriki katika shitaka lake.

Wala mambo hayakuishia kwake. Sheria ya mwenendo wa jinai ya Irani inasema kwamba katika kesi za usalama wa dola, wakati wa upelelezi, mshitakiwa hana ruhusa ya kumchukua wakili amtakaye. Sharti achague katika orodha iliyokubaliwa na mkuu wa mahakama. Orodha iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya Tehran ilikuwa na majina 20 tu. Bibi Sotoudeh aliipinga waziwazi. Maana dola ikikukamata, kisha ikakuchagulia na wa kukusemea, umebakiwa na nini?

Wako watakaotuambia: sisi ni Waislamu, na mwanamke kuvua mtandio hadharani si jambo tunaloliridhia. Tunawajibu kwamba kadhia hii si ya mtandio. Suala ni moja: mwenye kushitakiwa, awe amekosa au hakukosa, ana haki ya kuwa na wa kumsemea, au hana? Kadhi mwenye insafu hahukumu kwa kusikiliza upande mmoja. Na anayeitaka haki hiyo kwa rafiki zake peke yao, huyo hataki haki, anataka upendeleo.

Nasi wa visiwa hivi tunayajua matunda ya korti isiyokuwa na mtetezi. Mzee Abeid Karume aliuawa Aprili 1972, na mwaka uliofuata ikaanza Unguja kesi kubwa ya uhaini. Washitakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea, na wako waliohukumiwa kifo. Kuuawa kwa kiongozi ni msiba na jinai kubwa. Lakini hukumu iliyotolewa bila ya utetezi imewaachia watu wetu shaka isiyokwisha, hata wasijue kwa yakini nani alikosa na nani alionewa. Hivyo ndivyo dhulma inavyowadhuru hata wale waliouliwa mtu wao.

Basi, ndugu wanachama, popote mtakaposikia wakili ameshitakiwa, msikimbilie kusema huo ni ugomvi wa wanasheria. Ulizeni kosa lake. Ikiwa amekula mali ya mteja wake, na ahukumiwe kama mwizi mwingine. Lakini ikiwa kosa lake ni kuwazuru mahabusi, kusema waliyotendewa, na kukataa kunyamaza, jueni kwamba anayeshitakiwa si yeye peke yake. Ni kila mtu ambaye kesho ataamka na pingu mikononi, akatafuta wa kumsemea asimpate.

Siku ya kesi yake twende kortini mapema, tukae kwa adabu na utulivu, hakimu aone kwamba watu wapo. Tuyahifadhi majina ya mahabusi aliokuwa akiwatetea, wasije wakasahauliwa. Na tuchange gharama za utetezi wake kama tunavyochanga penye maziko, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, bila ya kungoja kuombwa.