Kutembea mjini mwetu bila kwenda sokoni



Juma mbili zilizopita, darasani mwetu, tuliwaambia watoto wa mwaka wa nne wachore mti wanaoujua na waandike jina lake chini. Tulipata miembe mingi, tukapata miavoka, mipera, mpapai mmoja. Mtoto mmoja alichora mlingoti wa antena ya simu, akasema kwao ndio mrefu kuliko miti yote. Wa mporini hakuna aliyeuchora. Tukauliza: musamba ni nini? Kimya. Tukauliza: vinkubala vinatoka wapi? Mikono yote juu: "Sokoni!"

Tulicheka nao. Lakini mangaribi, wakati wa kusahihisha, tulijiuliza juu yetu sisi wenyewe. Tumezaliwa Lubumbashi, tumesoma hapa, tumeolewa hapa. Tunajua njia ya soko la Kenya macho yamefungwa. Tunajua njia ya kanisa, ya hospitali, ya kisima wakati maji ya robine yamekatika. Njia ambayo haina kazi mwishoni mwake, tunaijua ngapi?

Tulipoleta wazo hili kwenye mkutano wa chama, mama mmoja alisema wazi: "Kutembea bure ni mambo ya Wazungu." Wengine walimuunga mkono, na hatukumlaumu. Neno lile lina mizizi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville, kisha ukachorwa miji miwili: wa Wazungu, na wa wafanyakazi weusi, ambao leo ni Kamalondo na komini zilizofuata. Katikati waliacha ukanda mtupu wa mamia ya mita, watu wasikaribiane. Avenyi zenye miti na bustani zilikuwa upande wa pili. Usiku ukifika, mtu mweusi asiye na karatasi hakuwa na ruhusa ya kukanyaga kule. Nkambo zetu walijifunza kwamba mjini unaingia kwa kazi, ukimaliza unatoka. Walitufundisha hivyo hivyo, na sisi tunawafundisha watoto bila kujua.

Basi siku ya posho iliyopita tulitoka. Wamama 9, watoto 21, bukari baridi kwenye sahani zilizofunikwa, maji ya kuchemsha kwenye mabidoni.

Tulianza mjini kati kwa miguu, chini ya jakaranda. Kama hamjapita huko mwezi huu, piteni mbele ya mvua kuanguka, sababu maua ni ya zambarau juu na chini, barabara yote kama imetandikwa kikwembe. Watoto waliokota mpaka mifuko ikajaa. Haikugharimu hata franka moja.

Kisha tukaingia zoo. Hapo tuliwasimulia watoto habari ya sokwe wadogo. Tangu 2006 kuna watu hapa Lubumbashi, kwenye kituo kinachoitwa J.A.C.K., wanaopokea watoto wa sokwe walionyang'anywa wachuuzi. Mtoto wa sokwe hunyonya kwa miaka 4 au 5, na hukaa mgongoni mwa mama yake kama wetu. Ukimwona anauzwa sokoni, ujue mama yake ameuawa, maana hamwachi akiwa hai. Mwezi wa tisa mwaka 2022 watu waliingia usiku katika kituo hicho, wakaiba sokwe wadogo watatu, wakaomba pesa ili wawarudishe. Msichana mmoja alituuliza: "Waliomba kwa nani, kama mama yao alikufa?" Hatukuwa na jibu la haraka.

Sasa tuseme na aibu yetu. Kwenye mlango wa kutoka tulihesabu watoto: 20. Tukahesabu tena: 20. Kila mama alidhani yule mtoto yuko na mwingine. Wawili walirudi mbio, mmoja akaanza kulia palepale, na sisi, walimu kwa diplome, tulisimama tukiwa na karatasi ya majina mkononi na midomo mikavu. Alikuwa mbele ya nyani, ametulia, anawapa maua ya jakaranda moja moja kupitia nyavu. Hakujua kama amepotea. Ilikuwa robo saa tu, lakini mama yake hakula bukari siku ile.

Kosa lilikuwa letu. Tulihesabu wakati wa kutoka nyumbani, hatukuhesabu njiani. Tangu leo kila mtoto ana mwenzake wa mkono, kila mama ana watoto wake watatu kwa majina, na tunahesabu kila tunaposimama, hata kama ni kunywa maji tu. Kina mama wa vikundi vingine, chukueni desturi hii mbele ya kuchukua chakula.

Baada ya kula tulifuata mto Lubumbashi kidogo. Njia inapendeza, lakini maji hapana. Yanabeba takataka za soko, maji ya kufulia na mengine tusiyoyaona. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kujaza chupa yake, tulimwaga. Toka hapo unaona bomba kubwa la moshi la Gécamines na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba ambao watoto wetu wote wanauchora, na kwa kweli ni alama ya mji. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Miaka mingi upepo ulipeleka moshi upande mmoja, na upande ule, kama pale kilima cha Penga Penga, udongo ulibaki uchi, miti ikafa. Ni majani machache tu yanayovumilia udongo wenye shaba. Kuna hata ua dogo linalopenda kuota pale ambapo watu wa zamani waliyeyusha shaba yao, na wasomi hulifuata ili kupata matanuru ya kale.

Mama akisikia haya anafanya nini? Tulizungumza sana juu yake tukiwa tumeketi. Tulikubaliana haya: watoto wasicheze kwenye vumbi la upande ule, na wakirudi kutoka popote waoshe mikono mbele ya kushika chakula. Na ninyi wenye mimba mnaopenda pemba (tunawajua, na sisi tulikuwa hivyo), udongo wa kuokota ovyo katika mji wa migodi si wa kutia kinywani. Mweleze mkunga, hatakucheka.

Mpori tuliuona kwa mbali tu, upande wa Kasapa, kwa taksi-basi mpaka mwisho wa njia na mguu kidogo. Mwezi huu ndio mzuri kwa kuutazama, sababu mbele ya mvua miti ya mpori wetu inatoa majani mapya mekundu, kama shaba iliyosuguliwa. Mama mmoja mzee kati yetu, anayeuza makala, ndiye aliyekuwa mwalimu siku ile. Alishika ganda la mti, akasema: huu ni musamba, vinkubala vinakula huu. Akaonyesha mti wa masuku, akawaambia watoto wangoje mvua. Akasema hapa alikuja na mama yake kuokota bowa, na kwamba asubuhi moja walijaza vikapu viwili wakarudi nyumbani mbele ya jua kuwa kali. Leo hapo ni nyumba za matofali, na miti iliyobaki ni miembamba kama mkono. Makala anayouza yeye yanatoka makumi ya kilometa.

Mtoto mmoja, hana adabu lakini ana akili, alimwuliza: "Nkambo, si wewe unayeuza makala?" Tulitaka kumnyamazisha. Mzee alisema tumwache. Alijibu hivi: "Ndiyo, ni mimi. Na mama yako ndiye ananunua, ndiyo unakula bukari ya moto." Wote wawili walikuwa na haki. Darasani mwetu hakuna kitabu kilichowahi kusema jambo hili vizuri hivyo.

Tuliporudi kartiye kwetu, miguu ikiuma, tulipita ile nafasi nyuma ya masomo. Mnaijua: majani, mtaro, miembe miwili, vijana wanacheza mpira, wasichana wanakata njia hapo ili wasipite barabara kubwa ya magari. Hatujawahi kuiita bustani. Lakini siku ile, macho yakiwa yametoka kutazama, tuliona vijiti vipya vimechomekwa, na kamba nyeupe imefungwa kutoka mwembe mmoja mpaka mwingine. Parseli sita, tulihesabu. Nani anapima, kwa karatasi ya nani, hakuna jirani aliyejua, au hakuna aliyetaka kusema.

Hatutaki kelele, na hatumshitaki mtu tusiyemjua. Lakini nafasi ikigeuka kuta sita, wasichana wetu watapita barabarani mwa malori saa kumi na mbili asubuhi, na watoto wadogo watacheza juu ya mtaro wenyewe. Siku ya kwanza wamama wanne wataenda kwa shefu wa kartiye kuuliza kwa heshima kama nafasi ile iko kwenye ramani, na kama ni ya wote. Mwenye karatasi ya zamani, barua, au hata picha ya harusi iliyopigwa chini ya miembe ile, ailete kwa mwandishi wa chama mbele ya siku ile. Picha yenye tarehe nyuma yake ni nzuri zaidi. Tumekwisha kupata moja, ya 1988, bibi harusi amekunja uso kwa jua.

Matembezi mengine ni siku ya posho ijayo, saa mbili asubuhi, na safari hii hatuendi mbali: tunakutana pale pale, nyuma ya masomo. Leteni maji, kofia za watoto, na jembe moja kwa kila watu watatu, tusafishe mtaro mbele ya mvua. Yule mzee wa makala ameahidi kuleta mbegu za musamba kwenye kitambaa. Na hesabu ya watoto itafanyika mara tatu.