Kuitenga Kazi ya Kompyuta na Mazoea ya Mwenye Kompyuta: Maoni Yetu

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Methali hii hutumiwa aghalabu kumsifu mtu atendaye vema mbele ya watu wake. Lakini ina upande wa pili ambao mwalimu afundishaye masomo ya kompyuta hana budi kuutafakari: tuzo ya nyumbani haisemi lolote juu ya jinsi mchezaji atakavyocheza ugenini. Ndivyo ilivyo kwa programu za kompyuta. Programu hujengwa vizuri katika mashine ya aliyeiandika, naye hushangilia. Ikihamishiwa mashine ya jirani, hukataa. Kosa huwa halimo katika programu yenyewe, bali katika mambo ambayo mashine ya kwanza ilikuwa ikiyatoa kimyakimya.

Nia yetu ni kulieleza jambo hili kwa walimu wanachuo, na kutoa hoja kwamba linastahili kufundishwa mapema, tena katika shule ya msingi. Twaamini kwamba mwalimu asiyelifahamu anaweza kumhukumu mtoto kwa kosa ambalo mtoto hakulitenda.

Mazingira ni kitu gani?

Mwandishi wa programu huandika maagizo kwa lugha ambayo binadamu aweza kuisoma. Maagizo hayo hayana budi kugeuzwa na kuunganishwa hadi yawe kitu ambacho mashine yaweza kukitekeleza. Kazi hii huitwa ujenzi. Kwa kuwa ujenzi una hatua nyingi, wataalamu huuandikia utaratibu, na kompyuta huufuata wenyewe. Chombo mashuhuri cha kazi hiyo, kiitwacho Make, kilitungwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara ya Bell huko Marekani, nacho kingali kikitumika.

Amri za ujenzi hupitia katika sheli, yaani programu ipokeayo amri za mtumiaji na kuzipeleka zinakohusika. (Neno hili lisimchanganye msomaji na kituo cha mafuta.) Katika toleo la saba la mfumo wa Unix, lililotoka mwaka 1979 pamoja na sheli ya Stephen Bourne, ulithibitika utaratibu ambao tunao hadi leo: kila programu inapoanzishwa hurithi kutoka kwa mzazi wake orodha ya majina na thamani. Orodha hiyo ndiyo mazingira, na vitu vilivyomo huitwa vigeu vya mazingira. Mtumiaji huvipanga apendavyo: lugha anayoitaka, saa za nchi yake, folda ambamo programu zake zitafutwe.

Urithi huu una manufaa. Mtu hupanga mambo yake mara moja, na programu zote zikamtii. Lakini urithi huohuo ndio mlango wa matatizo, kwa kuwa mtoto hurithi bila kuulizwa, na mzazi hurithisha bila kusema.

Mifano ya madhara

Tuanze na kigeu kiitwacho PATH. Hiki ni orodha ya folda ambazo sheli huzipekua, moja baada ya moja, inapotafuta programu. Iliyopatikana kwanza ndiyo itumikayo. Mtu akiwa ameweka katika folda yake mwenyewe toleo jingine la chombo fulani, na folda hiyo ikatangulia, ujenzi utatumia chombo chake badala ya kile alichokikusudia mwandishi. Wawili hawa watafuata maagizo yaleyale neno kwa neno, na kupata matokeo mawili.

Mfano wa pili ni lugha. Kigeu LC_ALL huiambia kompyuta ifuate desturi za lugha na nchi ipi. Chukua maneno manne: Zanzibar, asali, Mombasa, boga. Kigeu kikiwa na thamani C, kompyuta hupanga kwa namba za herufi tu. Na kwa kuwa herufi kubwa A ni namba 65 na herufi ndogo a ni namba 97, herufi kubwa zote hutangulia. Orodha itakuwa Mombasa, Zanzibar, asali, boga. Chini ya desturi za Kiingereza cha Marekani, kwa kawaida orodha huwa asali, boga, Mombasa, Zanzibar. Ujenzi unaotegemea mpangilio wa faili utatofautiana kwa sababu hiyo tu. Huko Uturuki mambo huwa magumu zaidi, maana huko herufi ndogo i ikikuzwa hubaki na nukta yake, ikawa herufi nyingine kabisa. Programu nyingi zilizokuza maneno ya amri bila kulijua hilo zimeharibika.

Namba nazo zina desturi. Mwanafunzi wa Tanzania au Kenya huandika 1.5, lakini mwenzake wa Lubumbashi au Bujumbura, aliyefundishwa hesabu kwa desturi ya Kifaransa, huandika 1,5. Kompyuta iliyowekwa katika Kifaransa yaweza kutoa mkato mahali ambapo hatua ifuatayo ya ujenzi inatazamia nukta, na kazi yote ikasimama.

Ya nne ni saa. Afrika ya Mashariki imetangulia saa ya dunia kwa saa 3. Programu iliyojengwa Dar es Salaam saa 8 usiku, tarehe 1 Januari 2025, ikaandikiwa ndani mwaka wake, itabeba 2025. Dakika hiyohiyo ikijengwa London, itabeba 2024. Waandishi ni wamoja, maagizo ni mamoja, muda ni mmoja; kilichotofautiana ni mazingira.

Kuna pia vigeu ambavyo vilibuniwa kwa ajili ya raha ya mtumiaji. Kimoja, CDPATH, humwezesha kuhama folda kwa njia ya mkato. Lakini kinapotumika, amri ya kuhama hutaja pale ilipofika, na maneno hayo ya ziada huingia katika hesabu za utaratibu ambao haukuyatazamia. Kingine, GREP_OPTIONS, kiliruhusu mtu kubadili tabia ya chombo cha kutafuta maneno, mathalani kukifanya kitie rangi katika majibu. Alama za rangi zikapenya katika ujenzi na kuuvuruga. Hatimaye watunzaji wa chombo hicho katika mradi wa GNU waliona heri kukiacha kigeu hicho, na kuanzia toleo la 2.21 la mwaka 2014 chombo kilianza kumwonya kila akitumiaye.

Jinsi mafundi walivyojilinda

Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila zake. Kwa hiyo mafundi waliacha kuziamini nyumba za watu, wakajenga uzio. Zipo daraja tatu za uzio huo.

Daraja ya kwanza ni kuvifuta au kuvipanga vigeu vijulikanavyo kuwa na madhara. Mwongozo wa chombo cha Make cha GNU hushauri kila utaratibu utaje wazi sheli utakayotumia, usingoje kurithi. Maandishi yatengenezwayo na Autoconf hukifuta CDPATH na kuweka desturi za lugha kuwa C kabla ya kuanza kazi. Udhaifu wa njia hii ni kwamba humlinda mtu na adui anayemfahamu tu.

Daraja ya pili ni kuanza na mazingira matupu. Amri env -i huanzisha programu bila urithi wowote, kisha mwandishi huongeza kimoja kimoja vile anavyovihitaji. Mfumo wa Nix, ulioelezwa na Eelco Dolstra katika tasnifu yake ya mwaka 2006 huko Utrecht, Uholanzi, umelifikisha wazo hili mbali. Ndani yake hata kigeu cha nyumbani kwa mtumiaji huelekezwa mahali pasipokuwapo, ambapo pamepewa jina la makazi ya wasio na makao, ili programu yoyote inayojaribu kuchungulia nyumbani kwa mtu ishindwe mara moja, mchana kweupe.

Daraja ya tatu ni jaribio. Juhudi zilizoanza katika mradi wa Debian mwaka 2013 hujenga programu ileile mara mbili, na mara ya pili hubadili makusudi lugha, saa za nchi, jina la mtumiaji, hata tarehe ikasogezwa mbele zaidi ya mwaka. Matokeo mawili hulinganishwa. Yakifanana yote, imethibitika kwamba kazi haikutegemea mazoea ya mtu.

Pingamizi na jibu letu

Watakuwapo wasemao kwamba mpangilio wa mashine ni haki ya mwenyewe, na kwamba kufuta kila kitu ni udikteta wa fundi. Hoja hii ina uzito. Mtu aweza kuwa na sababu njema ya kutaka kompaila fulani itumike, na chombo cha Make chenyewe kimeyaruhusu mazingira yaseme neno, isipokuwa pale utaratibu ulioandikwa unaposema kinyume. Sisi hatusemi mlango ufungwe. Twasema mlangoni pawe na orodha ya wageni. Ombi lililotajwa waziwazi ni haki. Ushawishi uliojificha si haki, kwa sababu atakayeipokea kazi hawezi kuuona wala kuuhoji.

Wengine watauliza: mambo haya yamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi? Jibu letu ni kwamba yamhusu kabla ya fundi. Mtoto anapofundishwa kwamba sababu zilezile huleta matokeo yaleyale, kisha akaona kazi yake ikifaulu kwa rafiki na kushindwa kwake, atachagua moja kati ya mawili: ama kompyuta ni uchawi, ama yeye ni mjinga. Yote mawili ni sumu ya elimu.

Jinsi ya kufundisha

Kwanza, somo lianze bila kompyuta. Kundi moja la watoto liandike maagizo ya kukanda unga wa chapati kwa vipimo vya vikombe, na kundi la pili liyafuate, likitumia vikombe vya ukubwa mwingine. Donge litakuwa jingine. Mwalimu asieleze haraka. Aulize ni nani aliyekosea. Watoto wenyewe watagundua kwamba hakuna aliyekosea, ila maagizo hayakutaja kikombe.

Pili, litumike zoezi la saa. Mtoto mmoja aandike kwamba mkutano ni saa 2 asubuhi, mwingine aisome kwa saa ya Kiswahili, wa tatu aisome kwa saa ya Kizungu. Wawili watapishana kwa saa 6, kila mmoja akiwa na hakika. Hapo neno "mazingira" litakuwa limepata mwili kabla halijatajwa.

Tatu, palipo na mashine zenye mfumo wa aina ya Unix, kila mwanafunzi aandike amri env na kuhesabu vitu vilivyorithiwa na sheli yake. Aandike env -i env, aone orodha ikiwa tupu. Kisha apange yale maneno manne kwa desturi mbili za lugha, akabashiri matokeo kabla ya kubonyeza. Saa moja ya zoezi hili yafaa kuliko wiki ya mihadhara.

Nne, na hapa ndipo penye uzito, mwalimu asisahihishe kazi ya kompyuta kwa kuiendesha katika mashine yake mwenyewe pekee. Ikishindwa, aijaribu katika mazingira matupu yaliyotangazwa kwa darasa zima tangu siku ya kwanza. Ikifaulu hapo, mtoto amefaulu. Ikishindwa hapo, mwalimu na mtoto wana mahali pamoja pa kuanzia kutafuta kosa.

Tusidhani jambo hili ni dogo. Katika shule zetu nyingi mashine ni chache na zimetoka sehemu mbalimbali: nyingine za msaada, zimewekwa Kifaransa au Kijerumani na hazijapangwa upya, nyingine za mzazi aliyeazima. Mtoto mwenye mashine inayofanana na ya mwalimu hupata alama bila kustahili zaidi, na mtoto wa mashine ya kuazima hupoteza alama bila kukosa. Huo ni upendeleo, hata kama hakuna aliyeukusudia, nao hujirudia kila jaribio hadi mtoto aamini kwamba fani hii si yake.

Twapendekeza basi kwamba kila andalio la somo la kompyuta liwe na fungu la mazingira, kama lilivyo na fungu la zana: sheli ipi, lugha ipi, saa za wapi, programu za toleo lipi. Mistari minne yatosha. Wanachuo waanze kuiandika katika mazoezi ya kufundisha ya muhula ujao, na wakufunzi waikague kama wakaguavyo madhumuni ya somo.