Wanaoacha Pombe Wasiachwe Peke Yao

Kazi kuu ya kiongozi wa kanisa anayehudumia waraibu ni kumkutanisha anayetaka kuacha pombe na aliyekwisha kuiacha. Mahubiri ni ya Jumapili. Kiu ni ya kila siku.

Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alishikwa na kiu akiwa hotelini. Alimpigia simu kasisi akiomba kuonyeshwa mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Majina aliyopewa yalimfikisha kwa daktari Bob Smith, na mazungumzo ya wawili hao yakazaa Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Kasisi hakumponya mtu. Alifungua njia, na hilo lilitosha. Mwaka 1991 John Baker, muumini aliyewahi kushindwa na pombe yeye mwenyewe, alianzisha Celebrate Recovery, mpango wa kanisani wa kuwasaidia waraibu, katika kanisa la Saddleback, California.

Nairobi nayo ilionywa mapema. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika mtaa wa Mukuru kwa pombe iliyotiwa methanoli, wengine wakapofuka. Sheria ya pombe ikabadilishwa mwaka 2010, misako ikaendelea. Polisi humwaga mitungi. Kiu humbakia mnywaji.

Mtaa wa Mountain View, kando ya Barabara ya Waiyaki, unadai uangalifu wa pekee. Jirani pale Kangemi mlevi huanguka njiani, watu wakamwona na kumsema. Mountain View mlevi huanguka nyuma ya geti. Mkewe huwaambia wa kazini kwamba bwana ana malaria, na mwaka hupita. Kanisa la hapo na lifungue chumba katikati ya juma, waketi wachache, na yasemwayo humo yasitoke, hata kwa mchungaji. Mtu asisukumwe kutoa ushuhuda madhabahuni kabla hajawa tayari. Anayerudia chupa apokewe wiki inayofuata, kwani kuanguka tena ni kawaida katika ugonjwa huu, na anayefukuzwa na waumini hurudi kwa wanywaji wenzake, ambao hawajamfukuza hata siku moja.

Kiongozi ajue mipaka yake pia. Aliyezoea kunywa kila asubuhi ili kutoa loki, yaani uchovu wa pombe ya jana, akikatizwa ghafla, aweza kupata degedege na kufa. Huyo aonwe na daktari kwanza, wala asifungiwe ndani kwa mfungo na maombi. Mraibu wa heroini anaweza kutibiwa kwa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, iliyoanza kutolewa Hospitali ya Mathari mwaka 2014. Kumwambia aitupe kwa jina la imani ni kumrudisha kwenye alosto, yaani mateso ya kukosa heroini. Asiyejua pa kuanzia apige 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Jamaa za waraibu nao wapewe kikao chao, kama Al-Anon inavyofanya tangu 1951. Mke aliyezoea kumdanganya mwajiri kwa niaba ya mumewe ana mzigo wake mwenyewe, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuja kuomba msaada.