Waya wa Dishi Usiung'oe

Juma hili tuzungumze habari ya waya. Huenda utasema, "Waya una nini cha kuzungumzwa?" Ngoja kidogo. Waya ninaousema umo ndani ya kuta za nyumba yako, nawe pengine umekwisha kusudia kuung'oa.

Singida ni mji wa wasafiri. Barabara ya Dodoma, ya Nzega na ile ya Babati zakutana hapo, na wenyeji wengi wamejenga vyumba vya kulaza wageni. Tuseme wewe ni mmoja wao. Una vyumba vinane, na kila kimoja kina televisheni. Mgeni ameshuka katika basi, amechoka, ataka kuoga na kutazama mpira. Utampelekeaje picha safi, ile iitwayo HD, bila kununua visimbuzi vinane na kulipia vyote kila mwezi?

Mmoja atakushauri uvute waya wa HDMI toka kisimbuzi mpaka kila chumba. Usimfuate. Waya huo hubeba picha ikiwa nzima, haikukunjwa: kwa picha ya HD kamili ni karibu megabiti 3,000 kila sekunde. Ukizidi mita 10 au 15, waya wa kawaida hushindwa. Picha hukatika au kioo huwa cheusi. Mwingine atasema, "Bomoa kuta, pitisha nyaya za kompyuta." Yawezekana, lakini hesabu kwanza fedha ya fundi, ya saruji na ya rangi.

Basi tutazame waya wa dishi, ambao mafundi wauita koaksia. Si kitu kipya. Mwingereza Oliver Heaviside aliupatia hataza mwaka 1880. Katikati pana uzi wa shaba. Juu yake plastiki nyeupe. Kisha karatasi ya madini na wavu wa nyuzi. Mwisho ganda la nje. Wavu ule huzuia mawimbi ya ndani yasitoke, na uchafu wa nje usiingie. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia usiku wa Desemba 31, 2012, ikianzia Dar es Salaam, nyaya hizi hazikuzimwa. Zafaa kwa dijitali vilevile.

Kinachotakiwa ni chombo kiitwacho modulata. Huwekwa karibu na kisimbuzi, kikapokea picha kwa waya mfupi wa HDMI. Kisha huikunja, kama mtu akunjavyo mkeka ili upite mlangoni, ikawa megabiti kama 20 tu kila sekunde. Halafu huipeleka katika koaksia kama stesheni ndogo ya televisheni. Kila televisheni chumbani hutafuta chaneli ile, ikaikunjua.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi hukosea. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli. Modulata ikitoa 85, kigawanyio cha njia nane hula kama 11. Waya mzuri aina ya RG-6 hula karibu 17 kwa kila mita 100. Chumba kilicho umbali wa mita 20 hupoteza 3 au 4. Chumbani hufika kama 70. Televisheni yahitaji kati ya 45 na 75 hivi, kwa hiyo yatosha, wala huhitaji busta. Tena kumbuka: picha ya dijitali haififii polepole kama ile ya zamani. Ni safi, kisha ghafula hugandaganda na kupotea. Mara nyingi kosa ni konekta iliyofungwa vibaya au waya uliounganishwa kwa kusokota na kutiwa gundi ya karatasi. Ondoa viungo vya namna hiyo. Na tundu la kigawanyio lisilotumika lifunikwe kwa kizibo cha omu 75.

Yako mambo manne ya kuangalia kabla hujatoa fedha.

Kwanza, modulata moja ni chaneli moja. Wa chumba namba 2 akitaka taarifa ya habari na wa namba 5 akitaka mpira, wote watatazama kile kilichochaguliwa mapokezi. Ukitaka chaneli tatu, sharti visimbuzi vitatu na modulata tatu.

Pili, nunua modulata ya DVB-T au DVB-T2 ambayo televisheni zako zaipokea. Za Marekani na za Japani hutumia utaratibu mwingine.

Tatu, usiiunge kamwe na antena iliyo juu ya paa, maana utarusha mawimbi nje na kuwaharibia jirani. Na wavu wa waya utokao kwenye dishi uunganishwe na waya wa ardhini kabla haujaingia nyumbani. Nchi yetu ni tambarare yenye upepo, na radi ya masika haichagui paa.

Nne, nalo ndilo kubwa: malipo ya kisimbuzi cha nyumbani ni kwa jamaa ya nyumba moja, si kwa biashara. Tena visimbuzi vingi hufunga picha zake kwa kufuli ya siri, na modulata ya halali ikikuta kufuli hiyo haipitishi kitu. Mtu aweza kukopa, akanunua vyombo, akapata vioo vyeusi vinane. Nenda kwanza kwa kampuni unayolipia, uliza huduma ya nyumba za wageni na bei yake. Kama waona ni ghali, fikiri juu ya antena moja nzuri iliyogawanywa vyumbani kwa waya uleule. Televisheni yenye kipokezi cha DVB-T2 ndani yake itachagua yenyewe chaneli zisizofungwa, kila chumba kwa hiari yake.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Waya ulio ukutani ndio mbachao. Upime, urekebishe, ndipo ufikiri kununua. Na kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukopa kabla ya kuuliza.