Herufi mbili zinazoilisha Anguilla

KISIWA cha Anguilla, kilichoko mashariki mwa Bahari ya Karibi chini ya himaya ya Uingereza, hakina mafuta wala dhahabu. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 91, wakazi wake ni takriban 16,000, na kwa miaka mingi tegemeo lake kubwa limekuwa watalii matajiri wanaofuata fukwe nyeupe. Hata hivyo, mwaka 2023 serikali yake ilijipatia dola za Marekani zipatazo milioni 32, zaidi ya moja ya tano ya mapato yake yote, kwa kukodisha herufi mbili tu. Mwaka 2024 kiasi hicho kilifikia karibu dola milioni 39.

Herufi zenyewe ni "ai". Katika mpangilio wa intaneti, kila nchi ina herufi mbili za kumalizia anwani za tovuti zake. Tanzania ina tz, Kenya ina ke. Anguilla ilikabidhiwa zake mwaka 1995, wakati hakuna aliyedhani kuwa zingekuja kuwa mali. Kwa Kiingereza, herufi hizo hizo ndizo kifupisho cha akili mnemba. Basi programu ya ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kampuni za teknolojia zilikimbilia kusajili anwani zenye mwisho huo. Zilikuwa 144,000 mwaka 2022. Mwaka uliofuata zikawa 354,000. Ada ilikuwa dola 140 kwa miaka miwili, na mwenye kutaka kuendelea hulipa tena.

Wapo watakaosema hii ni bahati ya mtende. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli, kwa kuwa bahati kama hiyo iliwahi kubisha hodi kwingine na mwenye nyumba hakuambulia kitu.

Kisiwa cha Niue, katika Bahari ya Pasifiki, kina watu wasiofika 2,000 na herufi "nu", neno ambalo kwa Kiswidi maana yake ni "sasa". Raia wa Sweden walizipenda mno. Lakini mwaka 1997 usimamizi wake ulikuwa mikononi mwa Mmarekani na taasisi yake, na mwaka 2013 uendeshaji ukahamia kwa taasisi ya intaneti ya Sweden. Serikali ya Niue, inayodai kuwa mali hiyo ni yake, ililazimika kwenda mahakamani huko huko Sweden mwaka 2018. Tuvalu, jirani yake wa mbali, ilifanya vyema zaidi: fedha za herufi zake "tv", zinazopendwa na wenye vituo vya televisheni, ziliisaidia kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 2000.

Anguilla ilinusurika kwa sababu sajili ilibaki ya serikali. Kwa miaka mingi iliendeshwa na mtaalamu mmoja wa kompyuta, Vincent Cate, aliyehamia kisiwani humo mwaka 1994, na ada ikaingia hazina. Serikali ya Waziri Kiongozi Ellis Webster, iliyokuwa madarakani hadi mapema 2025, ilieleza kuwa sehemu ya fedha hizo ilitumika kuwatibu bure wazee wa miaka 70 na zaidi.

Udhaifu ulikuwa katika mitambo. Septemba 2017 kimbunga Irma kiliezua mapaa na kuangusha nguzo za umeme kisiwani kote. Kuacha anwani za dunia nzima zitegemee seva zilizoko mahali kama hapo, ambapo umeme wenyewe hauna uhakika msimu wa vimbunga, ulikuwa mchezo wa hatari. Januari 2025 kazi hiyo ilihamishiwa kwa kampuni ya Marekani, Identity Digital, yenye seva sehemu mbalimbali za dunia. Inaripotiwa kuwa kampuni hiyo hubakiwa na takriban asilimia 10 ya mapato.

Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, gharama hiyo si kubwa. Swali zito liko kwenye ada yenyewe. Kampuni nyingi zilizosajili wakati wa pupa ya 2023 ni changa, na kampuni changa hufa kwa wingi. Ikifa, hairudi kulipa baada ya miaka miwili. Huduma za afya na madarasa zinazotegemea ada hiyo, kwa upande mwingine, hudai fedha kila mwaka.