FEDHA ZIPITAZO MKONONI MWA FUNDI



Siku hizi wengi wetu tukivua nguo za kazi jioni hatuendi nyumbani moja kwa moja. Twashika mfuko wa vyombo, twaenda kwa watu kutengeneza mifereji inayovuja, vitasa vilivyokwama, milango iliyolegea bawaba na mabati yanayopitisha mvua. Kwa wengine hiyo ndiyo kazi yao yote, tangu reli ilipokodishwa kwa kampuni mwaka 2006 na watu wengi wakapoteza kazi. Tena wako wanaofikiri kwamba wakipunguzwa kazini, yale malipo ambayo Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema yasipungue siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, yatawatosha kununua vyombo na kuanza.

Hatuwacheki. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Ulimwengu, ILO, liliandika ripoti juu ya nchi yetu, likasema wazi kwamba mafundi wa namna hii si watu wa kubahatisha, bali wanafanya kazi ya maana yenye faida, ijapokuwa wakubwa waliwasumbua. Leo twawaita jua kali, na atakaye kuwaona na apite Kamukunji asikie nyundo.

Lakini liko jambo linaloangusha wengi, nalo si upungufu wa ufundi. Mtu aliyefunga breki za mabehewa miaka kumi hawezi kushindwa na kitasa. Anashindwa na hesabu.

Tuseme mama mmoja ataka kitasa kipya na mfereji mpya. Fundi asema, "Nipe Shs. 2,500/- nimalize yote." Mama atoa. Fundi aona noti mkononi, moyo wafurahi, apitia hotelini kwanza. Sasa tuhesabu. Kitasa Shs. 1,100/-, mfereji Shs. 600/-, tepu ya kufungia nyuzi za bomba Shs. 50/-, nauli ya kwenda na kurudi Shs. 200/-. Jumla Shs. 1,950/-. Zimebaki Shs. 550/- kwa kazi ya siku nzima, na ikiwa alikwenda na mtu wa mkono, huyo naye hajalipwa. Na ile chai ya hotelini je? Ilitoka katika kitasa cha yule mama.

Hapo ndipo ugonjwa huanza. Pesa za kwanza hazitoshi, basi fundi atafuta nyumba ya pili, achukua malipo ya mbele huko, anunua vifaa vya nyumba ya kwanza. Kisha nyumba ya tatu, amalize ya pili. Siku moja nyumba ya nne haipatikani. Mwisho fundi azima simu, na mama aenda kituo cha polisi. Watu husema mafundi ni wezi. Wengi wao hawakukusudia kuiba, lakini kwa yule mama, ambaye mlango wake haufungi usiku, kusudi la fundi halimsaidii kitu.

Yafaa basi fundi aseme bei mbili, ya vifaa mbali na ya mkono mbali. Kwanza aende aione kazi kwa macho, asikubali bei kwa simu, maana nyuma ya mfereji unaovuja mara nyingi liko bomba lililooza. Aandike vifaa katika karatasi, na mwenye nyumba alipe duka lenyewe kwa M-Pesa, risiti abaki nayo. Pesa ya mkono na ihesabu nauli, na siku, na msumeno unaokwisha meno. Tuliosoma shule za misheni twamkumbuka yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara bila kuketi kwanza akahesabu gharama. Hakuna aliyesema kwamba hakujua kujenga.

Tuje kwa mtu wa mkono. Jambo hili latuhusu sisi watu wa chama kuliko wengine wote. Twawajua wanachama ambao mkutanoni hupiga meza juu ya vibarua wanaowekwa miaka bila barua, na Jumamosi wao wenyewe humwambia kijana, "Ngoja, mwenye nyumba hajanilipa." Kibarua wa siku hulipwa mwisho wa siku. Akifanya siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, sheria hiyo ya mwaka 2007 haimhesabu tena kuwa kibarua, na ana haki ya ilani na mapumziko. Akianguka kutoka ngazini, fidia ni juu ya aliyemwandika, hata kama ofisi ya mwajiri huyo ni mfuko wa vyombo tu. Ujira wa kijana ukiingia mkononi mwa fundi si mali ya fundi.

Tena spana ya karakana ibaki karakana. Mtu akikamatwa nayo getini hata chama kitapata shida kumtetea, na kazi ya miaka yote itakuwa imekwenda kwa ajili ya mfereji mmoja. Na waya za umeme zina leseni yake kutoka EPRA. Asiye nayo aziache, hata akiombwa na jirani.

Aliye na ujuzi bila karatasi aulize habari za mtihani wa ufundi wa NITA. Mwenye nyumba asiyekujua ataiamini karatasi hiyo kabla hajaiamini mikono yako.

Twaomba matawi yote yaweke swali moja katika mkutano ujao: mwanachama anayeandika mtu wa mkono amlipe kiasi gani kwa siku, na je, kijana huyo aweza kupewa kadi ya chama? Majibu yaletwe kwa maandishi, nasi tutayapiga chapa hapa.

Mhariri.