Akili ya Mzee Nayo Hunolewa

Katika soko la Gakoromone, mjini Meru, ajuza auzaye maharagwe hupiga hesabu ya chenji kichwani kabla mwanafunzi hajatoa kalamu. Lakini akisahau jina la mteja, twasema uzee umemshinda. Tunakosea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2002, uliohusu wazee 2,832 waliojitegemea, ulidhihirisha kwamba vipindi 10 vya mafunzo huimarisha stadi ile iliyofunzwa, wala si nyingineyo. Kwa hiyo mazoezi ya aina moja hayatoshi. Walimu, wafungulieni wazee madarasa jioni. Nanyi wanafunzi, tegeaneni nao vitendawili, chezeni nao bao, wafundisheni msamiati mpya. Tukiziacha akili zao zififie, hazina ya Kimeru waliyoihifadhi itafifia nazo.